Ua la Kitulo lililogoma kupata jina

"Dada, usiangalie ua peke yake. Angalia na hili."

Kijana aliyekuwa anatuongoza alichuchumaa, akatenga nyasi zilizolowa kwa mikono miwili, akanionyesha majani machache yaliyosimama yenyewe, kama kiganja kimoja kutoka kwenye bua la ua. Mimi macho yote yalikuwa kwenye ua. Rangi ya chungwa inayoelekea kwenye wekundu, na kwenye ukungu ule wa Februari lilikuwa linaonekana kama linajiwashia lenyewe. Yale majani nilishayaweka kwenye hesabu ya mmea mwingine kabisa.

"Hili na lile ni mmoja," akasema. "Huyu ana miguu miwili."

Nikapiga picha. Majani, bua, ua kwa mbele, ua kwa ubavuni, ua kwa nyuma, halafu tukaondoka maana wingu lilikuwa linashuka na bado tulikuwa na mwendo.

Safari yenyewe ya kupanda Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, upande wa Makete, sitaielezea. Aliyepanda kutoka Chimala kwenda Matamba kwa zile kona za Hamsini na Saba anajua, na ambaye hajapanda ipo siku atapanda. Kilichonifanya nikae niandike ni kwamba wiki zinapita na lile ua halijaniachia. Nafua nguo nalifikiria, nipo kwenye daladala nafungua tena picha zilezile nazikuza mpaka zinakuwa vumbi. Nilidhani nataka jina tu. Kumbe jina lina mambo mengi ndani yake, na mengine hayajanikalia vizuri mpaka leo.

Simu ilijibu haraka mno

Jioni ile Matamba, mtandao ulivyokamata, nikaipa simu picha moja. Sekunde chache tu jibu hilo hapo: Disa chrysostachya.

Nikamwonyesha binamu yangu, tukafurahi, nikaanza kusoma habari zake. Ni okidi nzuri kweli. Inaota Afrika Kusini, Lesotho na Eswatini, na ina jambo moja ambalo lilinifanya niache kila kitu nisome mpaka mwisho: inachavushwa na ndege, wale chozi wanaofyonza maua, na chavua hainati kwenye mdomo kama ungetegemea, inanata miguuni. Ndege anatua kwenye bua, anashika maua kwa vidole akiwa anakunywa, anaruka na chavua imegandia kwenye makucha kwenda kwa ua lingine. Watafiti wa Afrika Kusini waliliandika hilo mwaka 2004. Nimewasimulia watu wengi hiyo habari, nyingine nimesimulia bila kuulizwa.

Ila siyo ua langu. Disa chrysostachya ana maua madogo sana yaliyobanana kwenye bua kutoka chini mpaka juu. La Kitulo maua yake yameachana, unaweza kuyahesabu ukiwa umesimama, na kila moja ni kubwa kiasi cha kuona umbo lake bila kuinama. Halafu kutoka Lesotho mpaka Makete ni nchi ngapi hapo katikati?

Sasa mbona simu ilisema kwa uhakika vile? Nilitafuta nikaelewa, na nadhani kila mtu anayetumia hizi programu za kutambua mimea kwa picha anatakiwa alijue hili. Programu inajifunza kwa picha ambazo watu wameshaweka. Aina ambayo haina picha za kutosha haimo kabisa kwenye mafunzo yake, kwa hiyo hata ungeiletea mmea wenyewe mezani haiwezi kuutaja, jina hilo halipo kwenye orodha yake ya majibu. Itachukua anayefanana naye kwa karibu kati ya wale inaowajua. Na Afrika Kusini kuna watu wengi mno wanaopanda milima na kamera na wameshaweka picha za maua kwa miaka. Nyanda zetu za Juu Kusini bado hatujafika huko.

Maana yake ua la kawaida la barabarani simu italipata vizuri tu. Ua adimu ndilo lenye picha chache, na lenye picha chache ndilo simu haijawahi kuliona. Lakini jibu linakuja na sauti ileile ya uhakika kwa yote mawili.

Mkia wa nyuma

Kitu kimoja simu ilipatia, na nilikihakikisha mwenyewe: ni Disa, yaani lile jina la kwanza, la jenasi, kundi la ndugu wa karibu.

Hapa nitaenda polepole kidogo maana ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Kitulo ina aina 45 hivi za okidi za ardhini, na nyingi ukiziangalia kwa mbele zinakuchanganya. Kuna Satyrium na kuna Disa, zote zina kitu kama kofia juu ya ua. Kwa mbele unaona kofia, unaona uso mdogo ndani yake, unasema hawa ni ndugu, basi. Sasa zunguka nyuma. Satyrium ana mikia miwili inayoning'inia kutoka kwenye kofia, miwili sawasawa, kwa sababu kofia yake imetengenezwa na ule mdomo wa ua, ambao kwake upo juu. Disa ana mkia mmoja tu, kwa sababu kofia yake ni sepali ya juu, yale majani ya nje ya ua, iliyojikunja na kuvutika nyuma ikawa kifuko. Kuna na Habenaria, huyo naye mkia ni mmoja lakini unatokea kwenye mdomo, na mdomo wake upo chini, halafu wengi wao ni kijani au weupe.

Kwa nje ni jambo dogo sana, mkia mmoja au miwili. Lakini ni jengo tofauti kabisa la ua, kofia mbili zimejengwa kwa vipande tofauti zikafika kwenye umbo moja.

La kwangu lina mkia mmoja, unatoka juu kwenye kofia. Picha ya ubavuni inauonyesha vizuri. Disa, hakuna ubishi.

Baada ya hapo ndo ugumu unaanza. Disa wapo aina 180 hivi duniani, wengi wao Rasi ya Afrika Kusini kule, na kwetu kwenye ukanda wa joto wanakaa milimani na kwenye nyasi zenye unyevu. Ukichukua orodha ya wa Nyanda za Juu Kusini unakutana na Disa erubescens, Disa ornithantha, Disa robusta, Disa ukingensis, na wengine tena. Kuna wenye rangi hiyohiyo ya moto. Na rangi kwa okidi hizi siyo shahidi wa kuaminika, aina moja inaweza kutoka chungwa hapa na nyekundu pale, na ua likizeeka linabadilika.

Maswali ya 1968

Kuna kazi kubwa sana inaitwa Flora of Tropical East Africa. Ilianza kuchapishwa 1952 ikamalizika 2012, imeandika mimea zaidi ya 12,000 inayoota yenyewe Tanzania, Kenya na Uganda. Miaka 60. Okidi za kundi la Disa zimo kwenye sehemu iliyotoka 1968, na njia ya kumfikia mmea wako humo ni maswali mawilimawili: ana hiki au ana kile, ukijibu unapelekwa swali lingine, mpaka ubaki na jina moja.

Nilikaa na maswali hayo usiku mmoja, chai ikapoa, na moja ya mambo yanayoulizwa kwa Disa ni hili: majani yake ya kawaida yapo kwenye bua lenye maua, au yapo kwenye chipukizi lake la pembeni ambalo halitoi maua?

Nikasimama kabisa kwenye kiti.

Miguu miwili. Yule kijana aliniambia vilevile, amechuchumaa kwenye nyasi, bila kufungua chochote.

Tulipokuwa tunatembea aliniambia bibi yake alikuwa anachimba chikanda, viazi vya okidi vinavyoliwa, kabla hifadhi haijawa hifadhi, na yeye akiwa mtoto alikuwa anamfuata. Kwanza niliipokea kama habari ya familia tu. Baadaye nikaelewa. Mtu anayetafuta ua atalijua ua. Mtu anayetafuta kiazi anapaswa aujue mmea hata ua likiwa limeshaanguka, anatakiwa ajue jani lipi ni la nani, bua hili mwenzake yuko wapi, na udongo upasuke kwa upande gani. Kwa hiyo macho ya bibi yule, yaliyopita kwa mjukuu, yalikuwa yameshaelekezwa sehemu ambayo wataalamu nao wameona ndipo pa kuanzia. Njia mbili tofauti kabisa zimekutana kwenye majani machache ya kijani ambayo mtalii anayakanyaga.

Kwa sababu yake ninayo hiyo picha. Na kwa sababu ya hiyo picha nilivuka swali ambalo watu wengi wenye picha nzuri kuliko zangu hawawezi kulivuka, maana walipiga ua likiwa limejaa fremu nzima na chini hakuna kitu.

Nikaendelea. Urefu wa mkia, mkia unaelekea wapi, unapinda au umenyooka, yote nilikuwa nayo. Majina yakapungua.

Halafu nikafika kwenye petali, yale majani ya ndani ya ua.

Ndani ya kofia

Petali za Disa siyo zile unazoziona. Unachokiona kwa mbali, ile rangi, kwa kiasi kikubwa ni sepali. Petali zenyewe ni ndogo, zimejificha ndani ya kofia pembeni ya sehemu yenye chavua, na umbo lake ndilo linalotenganisha ndugu wa karibu: zimegawanyika au hazijagawanyika, zimesimama ndani ya kofia au zimechungulia nje, zimekaaje kwa ile sehemu ya katikati. Picha yangu ya mbele inaonyesha kivuli na vidoa. Nimeikuza mara zote nilizoweza. Ni kivuli.

Nina rafiki anayefanya kazi za mimea, nikamtumia kila kitu. Akaangalia, akanipigia. Akasema picha ni nzuri, Disa ni kweli, na ana majina mawili kichwani, ila hawezi kuandika moja. "Mpaka tulifungue ua."

Kulifungua ua maana yake unachuma ua moja, unalilaza, unatoa kila kipande unakipanga, unaangalia kwa lenzi.

Pale tuliposimama palikuwa na bua moja. Tuliangalia huku na huku, nikauliza, kijana akasema kwa upande ule mwaka huu ameona huyo tu. Na hifadhini huchumi kitu bila kibali, na mimi sikuwa na kibali, kwa hiyo kisheria hakuna cha kujadili. Lakini kichwa changu kiliendelea kujadili baada ya sheria kuwa imeshasema, na hapo ndipo wiki zangu zimeishia.

Upande mmoja unasema: ua moja kati ya maua kumi ya bua moja haliui mmea. Uhai wake upo chini kwenye kiazi, mwakani ataota tena. Ng'ombe angepita angekula lote bila kuuliza petali. Na bila jina huyu mmea kwenye makaratasi hayupo, huwezi kutetea kitu ambacho hukijui kama ni cha kawaida au ni cha mwisho.

Upande wa pili unasema: kila ua ni nafasi moja ya mbegu. Kama kweli yupo peke yake upande ule, hilo ua moja siyo dogo. Na kama mimi nikipewa sababu nzuri ya kuchuma, anayekuja nyuma yangu naye ana sababu yake nzuri.

Nilikuwa nabadilika kila siku, asubuhi nipo upande huu jioni nipo ule. Kilichonisogeza ni kusoma haya majina yenyewe yalitoka wapi.

Vilivyochumwa vikaungua

Chukua Disa ukingensis. Jina limebeba Ukinga, watu wa Makete mmo humo. Aliyelitoa ni Rudolf Schlechter, Mjerumani, bingwa wa okidi wa zama zake. Mwaka 1915 Schlechter alichapisha kazi nzima ya okidi zilizokusanywa na Adolf Stolz, mmisionari wa Kimoravian aliyekuwa Kyimbila, hapo karibu na Tukuyu. Stolz alikusanya mimea ya maeneo haya kwa maelfu. Kabla yake alipita Walter Goetze, 1899, alizunguka milima ya huku akikusanya, na akafariki mwaka huohuo. Ukiona mmea wa kusini una jina la stolzii au goetzei ndio hao.

Mimea ilikaushwa, ikabanwa kwenye karatasi, ikasafirishwa Berlin. Na ile karatasi yenye mmea uliotumika kutoa jina ndiyo inakuwa hakimu wa jina milele. Ukibishana kama huyu ni ukingensis au siyo, mwisho wa yote unarudi kwenye ile karatasi unalinganisha.

Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Machi 1943, kwenye vita, hebaria ya Berlin, ghala la mimea iliyokaushwa, ililipuliwa ikaungua. Mkusanyiko wa okidi wa Schlechter uliteketea.

Nilivyosoma hilo nilikaa kimya muda mrefu. Maua yaliyochumwa kwenye nyasi zilezile nilizosimama, yakavuka bahari ili yawe ushahidi, na ushahidi ukaungua kwa vita ambayo haikuhusiana na ua lolote. Kilichookoa hali ni kwamba wakusanyaji wale hawakuchuma kimoja. Walichuma nakala, na nakala zikagawanywa kwenye hebaria nyingine za Ulaya, na ndizo wataalamu wa baadaye walizotumia kurudisha mahakimu wapya.

Kwa hiyo somo la 1943 kwa mtaalamu ni kwamba chuma zaidi, gawa zaidi, usiweke mahali pamoja. Ninaelewa kabisa, na kwa wakati wao walikuwa sahihi, bila wao hata haya majina ninayobishana nayo yasingekuwepo. Ila mimi nilikuwa nimesimama mbele ya bua moja.

Na kuna jambo lingine ambalo linaniuma kidogo. Kwenye zile karatasi za zamani kuna jina la mkusanyaji, tarehe, mahali, kimo. Mimi sitaamini hata siku moja kwamba hakuna mtu wa huku aliyeinama akatenga nyasi akasema mzee, angalia na hili. Sasa jina lake liko wapi?

Leo hebaria tunazo za kwetu, Arusha ipo ya taifa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanayo, Nairobi pale Makumbusho ya Taifa wana kubwa ya ukanda mzima. Mtu mwenye kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na ruhusa ya TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) na TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) anaweza kukusanya kwa utaratibu, akachukua bua na jani akaacha viazi ardhini. Hiyo njia ipo na naiheshimu. Ndiyo njia ya kulifungua ua kama litafunguliwa.

Chini ya udongo

Siwezi kuandika kuhusu okidi za Kitulo nikaruka viazi.

Okidi hizi zina viazi viwili chini. Kimoja ni cha mwaka huu, kinalisha bua na maua na kinasinyaa taratibu. Cha pili ni kipya, kimejaa, ni akiba ya mwakani. Mchimbaji anataka kile kilichojaa, yaani anachukua mwakani yote. Na mbegu za okidi ni vumbi tupu, hazina chakula ndani, zinasubiri kukutana na kuvu wa aina fulani kwenye udongo azilishe mpaka ziweze kujitegemea. Nyingi hazikutani naye. Kwa hiyo eneo likishachimbwa likaisha, kurudi ni kazi ya miaka mingi.

Viazi vinavuka mpaka kwenda Zambia kutengeneza chikanda, vinakaushwa, vinatwangwa, vinapikwa na unga wa karanga, pilipili na magadi mpaka vinashikamana unakata vipande. Ni chakula cha heshima kule, cha sherehe na cha sokoni, na kimependwa mpaka okidi za kwao zimepungua ndo wakaangalia kwetu. Utafiti uliochapishwa 2003 ulikadiria kwamba viazi mpaka milioni 4 kwa mwaka vilikuwa vinatoka Nyanda zetu za Juu Kusini. Milioni nne, na kila kimoja ni mmea. Hiyo ni sababu moja kubwa ya Kitulo kutangazwa hifadhi ya taifa 2005, hifadhi ya kwanza ya aina yake kwenye Afrika ya ukanda wa joto kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea.

Sina hasira na bibi wa yule kijana. Aliuza viazi akasomesha, na wakati wake hakuna aliyekuwa anamwambia kuna mwisho. Na mchimbaji wa kawaida hajali kama hii ni Disa gani, anajali kiazi kama kinafaa. Ile tofauti ya petali ninayoikesha mimi, kwenye gunia haipo. Aina adimu inaingia gunia moja na aina ya kawaida, na hakuna anayejua kwamba ilikuwa ndiyo ya mwisho upande ule wa kilima.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini jina linanisumbua kiasi hiki. Bila jina, kupotea kwake hakuandikwi popote.

Nukta kwenye ramani

Sasa kuna swali la kushirikisha picha, na hili lilinishangaza kuliko yote.

iNaturalist, mtandao ambao watu wanaweka picha za viumbe walivyoviona na mahali walipoviona, wana utaratibu mzuri: aina iliyo hatarini mahali pake inafichwa, watu wanaona kwamba ilionekana eneo hilo ila nukta inatupwa ovyo ndani ya kisanduku kikubwa cha kama kilomita 22 kwa 22. Ukikipima hicho kisanduku kinazidi kidogo ukubwa wa Kitulo nzima, ambayo ni kilomita za mraba 412.9. Vizuri kabisa.

Lakini ulinzi huo unafuata jina la aina. Rekodi iliyoishia Disa tu, haijafika jina la pili, programu haina cha kushika. Haijui kama ni adimu. Nukta inaweza kukaa wazi pale pale, na namba zake zote za ramani.

Yaani mmea ambao haujajulikana vizuri ndio unaobaki bila pazia. Na simu zetu zinaandika mahali ndani ya picha yenyewe, unamtumia mtu picha kama faili kamili umemtumia na njia ya kufika.

Nilizima mahali kwa mkono wangu kabla ya kuweka rekodi, na picha ninazowatumia watu nimezisafisha kwanza. Ukiniuliza lilikuwa bonde lipi nitakujibu Kitulo. Binamu yangu amelalamika kwamba nimezidisha, kwamba wachimbaji hawakai kwenye mitandao ya wapenda maua, na huenda yuko sahihi. Lakini kati ya kuzidisha na kupunguza nimechagua kuzidisha, kwa sababu namba ikishatoka hairudi.

Lilipo sasa

Rafiki yangu ameanza kulinganisha na karatasi za hebaria zilizopigwa picha na kuwekwa mtandaoni, zile nakala zilizonusurika na nyingine za miaka ya karibuni. Majina mawili bado ni mawili. Siyataji hapa kwa makusudi, maana jina likiandikwa kwenye intaneti, hata na neno labda mbele yake, wiki ijayo labda imeshaanguka na jina limebaki, na programu nayo inajifunza humohumo.

Nimekubali rekodi ikae Disa. Kwanza niliona kama nimeshindwa katikati ya njia, sasa naona ni jibu kamili la kile ninachokijua, na ni bora kuliko jina refu la kukisia. Mvua zijazo kuna mtu mwenye vibali anapanda na nimeomba nifuatane naye, na nimeomba pia yule kijana awepo na jina lake liandikwe kwenye lebo kama kuna chochote kitakachochukuliwa. Wamekubali. Kama tutamkuta bado ni mmoja, hatuchukui kitu, tutajaribu kuchungulia ndani ya kofia kwa lenzi ndogo na taa bila kuchuma.

Kwa wanaopanda Kitulo kati ya Desemba na Aprili, nawaomba sana. Ukikutana na okidi ya rangi ya chungwa, ya mbele piga, wote tunaipenda. Halafu piga ubavuni mkia uonekane kutoka mwanzo mpaka ncha. Piga ndani ya kofia kwa karibu, na mwanga kama unao. Piga bua zima. Halafu tenga nyasi kwa mkono, taratibu, usikanyage, piga chini kabisa, na uangalie kiganja kimoja au viwili pembeni kama kuna majani yamesimama peke yake. Weka kidole au kalamu ukubwa ueleweke. Zima mahali.

Na kama una picha za zamani za hivyo, hata za miaka ya nyuma kabisa, hata zenye ukungu, za ubavuni hasa, nitumie. Nazitafuta.